Kopo la Tatu

Pale Mahalapye, upande wa magharibi wa reli, hakuna aliyethubutu kumfundisha MmaGosego habari za bei. Alikuwa akikaanga magwinya, maandazi ya kwao, na kuyauza mbele ya lango lake tangu Gosego, mtoto wake wa pekee, anatambaa, na Gosego sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa na kazi ya ukarani Palapye. Watu walisema MmaGosego akishika sarafu gizani hukwambia ilitengenezwa mwaka gani. Walisema pia kwamba aliwahi kumrudisha dereva wa lori la unga kutoka Dibete, kilomita sabini, kwa sababu ya thebe ishirini na tano, robo ya pula. Hilo la Dibete limetiwa chumvi. Alimrudisha kutoka kituo cha mafuta tu. Lakini thebe ishirini na tano ni kweli, na alizipata.

Rafiki yake aliishi upande wa pili wa reli. Huyo ni MmaTidimalo, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mrefu na mtaratibu hivi kwamba ukimsalimia asubuhi unaweza kwenda sokoni, ukarudi, ukakuta ndiyo anaitikia. Hawa wawili hawakufanana kwa lolote, ila kila mwisho wa mwezi walisukuma toroli moja katika supamaketi iliyo karibu na stesheni. Toroli moja kwa miaka kumi na minne. Lilikuwa moja kwa sababu ya ofa.

Ofa yenyewe ilikuwa tatu kwa bei ya mbili. Mjane anayeishi peke yake afanye nini na pakiti tatu za sabuni ya unga? Lakini wajane wawili ni hesabu nyingine. Kila mmoja alilipia pakiti yake, na ile ya tatu, ya bure, ilikwenda kwa zamu: mwezi huu kwa MmaGosego, mwezi ujao kwa MmaTidimalo. Hawakuandika popote. Hata mwaka ule MmaTidimalo alipolazwa miezi miwili kwa ugonjwa wa sukari, aliporudi alikuta zamu yake inamngoja juu ya kabati la MmaGosego, pakiti ya majani ya chai, imefutwa vumbi.

Basi Machi ya mwaka ambao mambo yaliharibika, zamu ilikuwa ya MmaGosego, na mwenyewe alikuwa haoni mbele kwa furaha. Ukoo mmoja wa Serowe ulikuwa umetuma ujumbe kwamba unakuja kumposa Gosego. Baada ya miaka yote ile ya kukaanga, wajomba wa watu wangekaa kwenye viti uani kwake, wamevaa makoti, na yeye angewapa chai. Na siyo chai ya rangi. MmaTidimalo aliahidi kusimamia jiko siku hiyo, tena alikwisha kumshonea shali mpya bila kumdai hata pesa ya uzi.

Walipoingia dukani wakakuta ofa imebadilika sura. Zamani ilikuwa sabuni tatu, au chai tatu, au mafuta chupa tatu. Safari hii palitundikwa bango kubwa kama shuka: TATU KWA BEI YA MBILI, CHAGUA CHOCHOTE CHENYE KIBANDIKO CHA NJANO. Chini yake palikuwa na maneno mengine madogo kama mayai ya sisimizi, na hakuna mtu wa Mahalapye aliyewahi kuinama kuyasoma.

MmaGosego alipita mbele ya rafu mara mbili. Kibandiko cha njano kilikuwa kimebandikwa hata kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, pula tisini.

"Mwenzangu," akasema, "wewe chukua chai yako. Mimi nachukua mafuta yangu ya kukaangia. Na cha tatu, Mungu ni mwema, hiki hapa."

MmaTidimalo alilitazama lile kopo kwa muda wake wa kawaida, yaani muda mrefu, kisha akacheka. Alisema kwamba wajomba wa Serowe wakionja chai hiyo wataongeza ng'ombe wawili bila kuombwa.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Mafuta pula arobaini, chai pula ishirini na tano, jumla sitini na tano, na maziwa bure. MmaGosego alimpa mwenziwe arobaini yake, akatoka nje kuwahi benchi la kivulini kabla wauza kadi za simu hawajalijaza. MmaTidimalo akabaki kwenye foleni, kwa kuwa kusubiri hakukuwahi kumchosha.

Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akakaa. Akatoa vitu kwenye mfuko kimoja kimoja. Kisha akasema kwamba mashine imetaka mia moja na thelathini, ametoa sitini na tano ya juu kutoka kwenye pesa yake ya umeme, sasa yeye MmaGosego amrudishie.

"Nikurudishie ya nini?"

"Ya maziwa, nadhani. Sijaelewa vizuri, mma. Risiti hii hapa."

MmaGosego hakuichukua risiti. Mwanamke aliyerudisha lori zima hakuhitaji karatasi. Cha tatu ni cha bure, miaka kumi na minne cha tatu ni cha bure, na leo, zamu yake ikiangukia kitu cha maana, ghafla kina bei? Pesa aliyobaki nayo ilikuwa ya nyama ya wageni. Sauti yake ikapanda. Wauza kadi za simu wakaacha kuita wateja. Alisema kwamba wivu wa posa ya Gosego ndio uliotia mkono kwenye mfuko wake. MmaTidimalo akasema taratibu, hapana, mma, si hivyo. Na hapo MmaGosego akasema neno ambalo baadaye angetoa magwinya ya mwaka mzima alirudishe kinywani:

"Sasa naelewa kwa nini mumeo alikwenda kufia kwa mwanamke mwingine kule Rustenburg. Alichoka kuhesabiwa."

Mahalapye nzima ilijua habari ya Rustenburg. Lakini ilikuwa imekubaliana, bila kikao, kwamba haitajwi.

MmaTidimalo aliikunja risiti mara mbili, akaitia kwenye kipochi, akachukua chai yake, akavuka reli.

Wajomba wa Serowe walikuja. Walikunywa chai ya maziwa mpaka kopo likasikika likikwaruzwa. Walisifu. Jikoni walisimamia wanawake wa kanisani, wakaunguza sufuria moja ya nyama, na shali mpya ilibaki sandukuni, kwa sababu kila MmaGosego alipoishika, mikono yake ilikuwa mizito.

Kiasi cha wiki tatu baada ya hapo, asubuhi, mafuta yakiwa ya moto na kundi la kwanza la magwinya limeanza kuvimba, sauti ikaita langoni.

"Ko ko!"

Aliijua. Hakuna mwingine aliyeita hodi polepole namna ile, kama anayempima mtu mshono. MmaGosego alisogea kando ya dirisha, akafungua pazia upana wa kidole. MmaTidimalo alikuwa amesimama nje ya lango, kofia ya sufu kichwani, karatasi mkononi.

Risiti, alijiambia. Amekuja kudai.

"Ko ko!" mara ya pili.

Harufu ya magwinya ilikuwa imefika mpaka stesheni. Mbwa wa jirani alikuwa amekwisha kukaa mkao wa kula. Hata kipofu angejua kwamba mwenye nyumba yumo. MmaGosego alisimama nyuma ya pazia bila kupumua, na magwinya yakawa yanaungua nyuma yake, na hakuyageuza, asije akapiga chuma kwenye sufuria.

"Ko ko, MmaGosego," mara ya tatu, chini zaidi.

Kisha pale nje hapakuwa na mtu. Magwinya ya kundi lile yalipewa mbwa wa jirani, na hata yeye aliacha mawili.

Miezi ikapita. Gosego alirudi kazini Palapye kungoja siku ya ndoa. Habari za MmaTidimalo zilimfikia MmaGosego kwa kupitia watu wengine: kwamba sukari imepanda tena, kwamba mguu mmoja hauponi, kwamba binti yake Tidimalo, mwalimu kule Maun, ameomba likizo na kuja kumwangalia, kwamba wamempeleka hospitali kubwa ya Francistown. Kila alipoambiwa, MmaGosego alishughulika na jiko. Watu wakamwona ana roho ngumu. Wangejua ni mara ngapi alikwenda mpaka kwenye reli akageuka, wangesema amechonga njia ya miguu pale.

Agosti, mwisho wa mwezi, alikuwa dukani peke yake na kikapu cha mkono. Bango lile lilikuwa limetundikwa tena. Chai ya rangi ilikuwa imemchosha, kwa hiyo alichukua sabuni ya unga, kiberiti cha paketi kubwa, na kopo la maziwa, moja tu lililokuwa limebaki kwenye rafu. Akafika kwenye kaunta ya dada mmoja aitwaye Keneilwe, mwenye kucha ndefu hivi kwamba alibonyeza vitufe kwa ubavu wa kidole. Mashine ikasema pula mia moja na thelathini na tano.

"Dada, kopo hilo ni la tatu."

Keneilwe akasema ni kweli, na mashine imekwisha kuondoa kitu kimoja. Imeondoa kiberiti.

"Nani kaiambia kiberiti? Mimi nimechagua maziwa."

Foleni ikaanza kukohoa. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kujisemea kwamba yeye alioa, akazaa na kupata wajukuu katika foleni hiihii. Lakini Keneilwe hakukasirika. Alivitoa vile vitu vitatu kwenye mfuko, akavipanga juu ya kaunta kutoka kikubwa hadi kidogo.

"Mma, mashine haijui kilichomo moyoni mwako. Inatazama vitu vitatu, halafu inakiacha bure kile cha bei ya chini. Ndivyo ofa zote zilivyo. Ukitaka cha tatu kiwe na maana, chukua vitatu vya bei moja."

MmaGosego alikitazama kile kiberiti. Sabuni tatu. Chai tatu. Mafuta chupa tatu. Miaka kumi na minne walichukua vitu vya bei moja bila kujua kwamba hapo ndipo penye siri, na siku moja tu walipochanganya, wakachanganyikiwa.

"Maneno yenyewe yameandikwa kwenye bango, pale chini," Keneilwe akaendelea, akirudisha vitu mfukoni. "Hamsomi. Sikulaumu peke yako. Mwezi wa nne alikuja mama mmoja mrefu na risiti ya mwezi wa tatu. Alisimama hapa tangu tunafungua mpaka chakula cha mchana. Sijawahi kuona mtu anagomba kwa upole vile. Anasema, mmemdhulumu rafiki yangu kopo lake la bure, alikuwa na wageni, rudisheni pesa. Nikamwonyesha kama nilivyokuonyesha wewe. Akacheka mpaka akashika kaunta. Akaniomba nimwandikie nyuma ya risiti, chai ishirini na tano imetoka, maziwa hayakutoka, ili akamwonyeshe mwenziwe. Akasema, kumbe sote wawili ni wajinga, ngoja nikamwambie."

MmaGosego alilipa. Alisahau chenji, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu pula ianze kutumika, na mzee wa foleni akamkimbizia mpaka mlangoni.

Karatasi. Ile karatasi mkononi, langoni.

Ungetegemea avuke reli palepale. Ni hatua mia nne. Lakini MmaGosego alikuwa mtu wa kufanya jambo sawasawa au asilifanye. Aende na nini? Na kopo moja? Kopo moja lilikuwa na sura ya malipo, na yeye hakuwa anakwenda kulipa tu. Alitaka makopo matatu ya bei moja, kama zamani: moja lake, moja la mwenziwe, na la tatu alisukume kwa MmaTidimalo, aseme zamu ni yako, na miezi yote iliyopita zamu ilikuwa yako. Hapo MmaTidimalo angeelewa bila hotuba. Kesho yake alimrudia Keneilwe, akaambiwa shehena ya maziwa itaingia Alhamisi ya wiki ya pili, na ofa itaanza tena siku hiyohiyo.

Siku kumi. Siku kumi si kitu.

Akakaanga mara mbili kwa siku ili apate pesa ya makopo na ile sitini na tano. Jioni aliwafanyia kuku mazoezi ya maneno yake. Kuku mwekundu alisikiliza mpaka mwisho, wengine waliondoka alipofika Rustenburg. Siku ya nne akasikia MmaTidimalo amerudishwa kutoka Francistown, yuko nyumbani, anakunywa uji laini. Alifurahi. Alisema moyoni, vizuri, apate nguvu, nimkute anaweza kunigombeza. Siku ya saba mke wa mchungaji akapita na kumwambia kwa utaratibu kwamba kama ana neno na mwenziwe, leo ni siku nzuri. MmaGosego akajibu kwamba anakwenda Alhamisi. Alijibu kwa fahari kidogo, kama mtu aliyekata tiketi.

Alhamisi alikuwa mlangoni mwa supamaketi kabla mlinzi hajapata funguo. Makopo matatu. Keneilwe akayapitisha, mashine ikaimba, ikaondoa tisini kamili. Mara hii MmaGosego aliisoma risiti kutoka juu mpaka chini, hata namba ya simu ya duka. Alikuwa amevaa shali mpya.

Kwenye kivuko akakuta treni ya makaa ya mawe imeziba njia. Treni hizo za Mahalapye ni ndefu. Kuna waliochumbiana upande huu na ule wakingoja behewa la mwisho. Alisimama na makopo yake kifuani, akahesabu mabehewa, akarudia maneno. Mwenzangu, nilisikia ulipoita. Hapana, hilo liwe la mwisho. Mwenzangu, cha bei ya chini ndicho kinachotoka. Hili ndilo la kwanza, atacheka, akishacheka nitasema lile lingine.

Behewa la mwisho likapita.

Ng'ambo, katika ua wa MmaTidimalo, wanaume walikuwa wakiteremsha viti vya plastiki kutoka kwenye gari. Moto mkubwa ulikuwa umewashwa uani, mchana kweupe, na wazee wawili wamekaa kando yake na makoti yao. Hakuhitaji kuambiwa. Kwao moto wa namna hiyo huwashwa penye msiba tu.

Alivuka. Lango lilikuwa wazi, limeegemezwa jiwe lisijifunge, na watu walikuwa wakiingia bila kuita. Yeye alisimama nje yake.

"Ko ko," akasema.

Mmoja wa wale wazee wa kando ya moto akageuka, akamwambia aingie tu, mma, nyumba ni ya wote leo. Hakuingia. Aliita tena. Mara ya tatu akatoka Tidimalo mwenyewe, blanketi mabegani, macho yamevimba. Akamwona, akaja polepole. Mwendo ulikuwa wa mama yake.

"Amekwenda alfajiri," akasema. "Karibu, mma."

"Nimeleta maziwa."

Tidimalo alitazama yale makopo matatu, akamshukuru. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri na hakutaka mgeni asimame na aibu langoni, akasema kwamba mama hakuwa na kinyongo. "Alikuja kwako mwezi wa nne. Alikuwa na jambo la kuchekesha la kukwambia. Aliporudi akaniambia kwa simu kwamba hukuwepo."

Angeweza kunyamaza. Wa kumsuta alikuwa amelazwa chumba cha maiti, na huyo marehemu mwenyewe ndiye aliyekwisha kumtengenezea uongo wa kujifunika, akaukunja, akamwachia.

"Nilikuwepo," MmaGosego akasema.

Wanaume walimaliza viti, wakaanza kusimamisha turubai. Kisha Tidimalo akanyoosha mikono, akayachukua makopo mawili, la tatu akamwachia kifuani.

"Maji yamechemka," akasema. "Watu wanasubiri chai, na mimi siwezi kusimama jikoni."

MmaGosego akaingia. Alifunga shali kiunoni, akafungua kopo la kwanza. Kwa siku zote za maombi mpaka Jumamosi ya mazishi hakutoka kwenye jiko lile isipokuwa kulala, na alilala palepale mlangoni. Watu wa pande zote mbili za reli walisema hawajawahi kunywa chai nzito namna ile msibani, kijiko kinasimama chenyewe. Hilo la kijiko limetiwa chumvi. Wengine waliuliza maziwa ni ya nani. Yeye alikuwa akimimina tu, kikombe baada ya kikombe, na Ijumaa jioni alilikwaruza kopo la tatu, akaliosha, akalifuta, akaliweka juu ya kabati la MmaTidimalo, mahali ambapo mtu akirudi angeliona.